Hati ya Kusafiria Huanzia Darasa la Kwanza

Aghalabu watu wakizungumza juu ya kuhamia nchi ya nje, mawazo yao hukimbilia ubalozi, viza na tiketi ya ndege. Kwa mwananchi wa uwanda wa Ufipa safari hiyo huanza mapema zaidi, tena mahali padogo sana: katika daftari la mahudhurio la shule ya msingi, siku mwalimu alipoandika jina la mtoto kwa mara ya kwanza. Jina lililokosewa siku hiyo hukaa kimya kwa miaka ishirini. Halafu siku moja kijana, akiwa na barua ya chuo au ya kazi mkononi, anafika mbele ya meza ya Uhamiaji mjini Sumbawanga, na herufi moja inamrudisha kijijini.

Masharti yenyewe yanajulikana. Anayeomba hati ya kusafiria hutakiwa kuonyesha cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa, ushahidi wa kuzaliwa wa mzazi au hati ya kiapo, picha, na uthibitisho wa safari anayokusudia. Hati ya kielektroniki ilipoanza kutolewa Januari 2018, ada yake iliwekwa kuwa shilingi 150,000. Hakuna katika hayo lililo la uonevu. Taifa lisilojua ni nani raia wake haliwezi kujilinda, na mkoa unaopakana na Zambia kwa nchi kavu, na Kongo kwa maji ya Ziwa Tanganyika, una sababu ya kuwa macho kuliko mikoa mingi.

Taabu hutokea pale karatasi zote ni za kweli na bado hazipatani. Chukua mfano wa kijana aliyezaliwa Matai kabla ya mwaka 2012. Cheti chake kinasema Wilaya ya Sumbawanga. Kitambulisho chake kinasema Kalambo, kwa kuwa wilaya hiyo ilikuwa bado haijaundwa alipozaliwa. Baba yake alizaliwa kabla ya Mkoa wa Rukwa kuanzishwa mwaka 1974, wakati Ufipa ilipokuwa ikihesabiwa ndani ya Mkoa wa Mbeya. Na kitongoji cha babu yake huenda hakipo tena, kwani kilihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji kati ya 1973 na 1976. Serikali ndiyo iliyogawa mikoa, ikaunda wilaya na kuhamisha vijiji, kwa sababu ilizoziona njema. Si haki basi mwananchi adaiwe maelezo ya ramani ambayo hakuichora yeye.

Kuna jambo jingine ambalo watumishi wanaotoka mikoa ya mbali huchelewa kulitambua. Kwa Wamambwe na Wanyamwanga, jina la ukoo hubadilika mwanzo wake kwa kufuata jinsia. Baba na kaka ni Sikazwe, binti ni Nakazwe. Huo ni ukoo mmoja na nyumba moja. Karani asiyejua desturi hiyo huona majina mawili na kumshuku binti kwamba amejitafutia baba wa kuazima. Mwalimu mwenye haraka naye humwandika binti Sikazwe ili afanane na kaka yake, ilhali kitabu cha ubatizo cha parokia kimemwandika Nakazwe. Tangu siku hiyo binti ana majina mawili. Ongeza hapo Deogratias anayegeuka Deogratius, na R inayokaa mahali pa L kwa sababu tu ya lafudhi ya mwandishi. Baraza la Mitihani huchapa jina kama lilivyopelekwa na shule. Halina njia ya kujua kwamba mwalimu alisikia vibaya.

Watasema wengine kwamba dawa ipo: hati ya kiapo kwa hakimu au wakili. Ni kweli. Lakini kiapo kina gharama, na safari ya kutoka bonde la Rukwa kupanda hadi Sumbawanga ina gharama, na mara nyingi ofisi moja hukikubali kiapo ambacho ofisi ya pili hukikataa. Mkulima anayeuza magunia mawili ya mahindi ili mwanawe apate karatasi, kisha akaambiwa arudi wiki ijayo kwa sababu mwenye mhuri yuko semina, ana haki ya kuuliza ofisi ile iliwekwa kwa ajili ya nani. Kifungu cha 15 cha Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 kilikataza kiongozi kuwa na majivuno na kuwadharau anaowaongoza. Watumishi wengi wa leo walikuwa hawajazaliwa kilipoandikwa. Kichapishwe upya na kubandikwa katika kila masijala.

Ni vema kukumbuka pia kwamba mpaka wenyewe si wa kale. Uliwekwa na Waingereza na Wajerumani kwa mapatano ya Julai 1890, bila kumuuliza mtu yeyote wa Kalambo wala wa Mbala, na ukawakata Wamambwe na Walungu vipande viwili. Katika enzi za ukoloni wanaume wa Kimambwe walikwenda kusini kwenye migodi ya shaba na mashariki kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na mabwana waliowahitaji hawakusumbuka sana na tahajia ya majina yao. Leo mtu akipita Kasesya kwenda Mbala hukuta lugha ileile sokoni. Kwa hiyo ofisa anayepima uraia kwa kusikiliza matamshi hupima kitu ambacho mpaka haukukigawa. Ushahidi wa uraia ni kumbukumbu, na kumbukumbu huwekwa na watumishi.

Hapa ndipo lilipo jambo zito kuliko yote, ambalo halielezwi vijijini kama inavyostahili. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu Mtanzania mtu mzima kushika uraia wa nchi ya pili. Anayeuchukua hupoteza wa kwanza. Zambia, kwa marekebisho ya Katiba yake ya Januari 2016, inaruhusu. Mwanamke wa Kasesya aliyeolewa ng'ambo huambiwa na jirani zake wa huko kwamba kuomba uraia wa mume hakuna hasara, na kwa sheria ya kwao wanasema kweli. Kwa sheria ya kwetu, akiupata amekoma kuwa Mtanzania, na haki yake ya kupiga kura na kumiliki ardhi kama raia imekoma pamoja nao. Anastahili kulijua hilo kabla ya kutia sahihi. Mtendaji wa kijiji anayemwandikia barua ya utambulisho ndiye pengine mtumishi pekee atakayemwona kabla hajavuka. Akigonga mhuri tu na kunyamaza, ametimiza nusu ya kazi.

Mkoa huu una historia ya karatasi inayopaswa kuwafundisha watumishi wake. Katumba na Mishamo, zilizokuwa ndani ya Rukwa hadi Katavi ilipogawanywa mwaka 2012, zilipokea wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972. Mwaka 2007 walipewa hiari ya kurudi kwao au kuomba uraia. Zaidi ya watu 162,000 wakakubaliwa, na mwaka 2010 likatangazwa. Ulikuwa uamuzi wa utu ambao nchi nyingi tajiri hazijathubutu kuufanya. Hata hivyo vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Kwa muda wote huo familia nzima zilikuwa zimekubaliwa bila kuwa na kitu cha kuonyesha, na mtoto aliyemaliza shule hakujua ajaze nini mbele ya neno "uraia".

Kazi ya kuandikisha watoto wa chini ya miaka mitano kwa simu katika zahanati na ofisi za kata, bila malipo, ilianzia Mbeya mwaka 2013 na imeenea mikoa mingi. Itapunguza mzigo kwa kizazi kijacho. Haiwasaidii walio darasa la saba sasa, wala mwalimu anayewaandikisha kwa ajili ya mtihani usiku wa mwisho kwa taa ya simu.

Shule hufunguliwa Januari, majira ya mvua Ufipa, na wazazi hufika na watoto wakiwa wamejifunika magunia ya plastiki. Mwalimu wa darasa la kwanza akiwa na daftari jipya mbele yake, aombe kwanza cheti au kadi ya kliniki, anakili jina herufi kwa herufi, kisha alisome kwa sauti mbele ya mzazi na kumwuliza: huyu binti ni Nakazwe, na kaka yake ni Sikazwe? Kazi hiyo huchukua dakika mbili.