Uzito wa pakiti si uzito wa maziwa

Msomaji, sisi tuliolelewa huku Ukambani tulifunzwa kupima chakula kwa uzito wake. Uji mwepesi ulikuwa dalili kwamba unga umepungua nyumbani. Maziwa lala yaliyogoma kutoka kibuyuni mpaka yatikiswe ndiyo yaliyosifiwa. Kipimo hicho kilikuwa cha haki, kwa sababu kilichofanya uji uwe mzito ni unga, na kilichofanya maziwa yagande ni protini yake. Leo kipimo hicho kinatudanganya.

Mama mmoja aliniletea mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye uzani wake ulikuwa umesimama kwa miezi mitatu. Hakuwa na homa wala minyoo. Nilipouliza anachokula, mama alijibu bila wasiwasi: "Daktari, maziwa ya ng'ombe niliacha kununua. Nampa hii ya pakiti, asubuhi na jioni. Ni nzito kuliko maziwa." Akaitoa mkobani. Nyuma yake, kwa herufi ambazo mimi mwenyewe nilizisoma kwa miwani, palikuwa na maji, sukari, unga wa maziwa, ladha ya stroberi, na nambari 466.

Nambari hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumzie. Ni ya kaboksimethili selulosi, au CMC kwa ufupi. Kwenye pakiti nyingine utaona "E466" au "cellulose gum". Selulosi ni ule uzi unaoshikilia miti, majani na pamba. Kwa kawaida haiyeyuki majini; ndiyo maana shati lako la pamba hurudi zima kutoka karai la kufulia. Viwandani huchukua selulosi ya mbao au pamba, wakaitia magadi makali na asidi ya kloroasetiki, nayo ikageuka unga mweupe usio na ladha wala harufu, unaoyeyuka na kushika maji mengi ajabu. Gramu 10 tu za aina iliyo nzito zinatosha kuifanya lita moja ya maji iwe kama uji.

Ni rahisi kuona kwa nini wenye viwanda wanaupenda. Katika aiskrimu huzuia chembe kubwa za barafu. Katika juisi ya maembe hufanya nyama ya tunda ielee badala ya kutuama chini. Katika vinywaji vya maziwa vyenye uchachu huifunika protini isigandamane na kujitenga na maji. Hata sisi madaktari tunautumia: matone mengi ya macho makavu yana CMC, na dawa ya meno uliyotumia asubuhi huenda inayo.

Je, ni sumu? La. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliichunguza upya na haikuona haja ya kuiwekea kikomo cha kila siku. Lakini nisikufiche: mwaka 2015 watafiti nchini Marekani waliwanywesha panya maji yenye CMC, wakaona uvimbe mdogo wa matumbo na kuongezeka kwa unene. Mwishoni mwa 2021 yakatoka matokeo ya jaribio la watu 16, ambapo baadhi yao walikula gramu 15 kwa siku kwa siku 11. Bakteria wa matumbo yao walibadilika, na maumivu madogo ya tumbo baada ya kula yaliongezeka. Ni watu wachache, na kipimo hicho ni kikubwa kuliko wanachokula wengi wetu. Mwenye ugonjwa wa matumbo anaweza kujihadhari. Mwingine asipoteze usingizi.

Ugomvi wangu na CMC uko kwingine. Tumbo la binadamu haliwezi kuisaga. Uzito wa uji wa wimbi hugeuka nguvu mwilini mwa mtoto. Uzito wa CMC huingia na kutoka. Kwa hiyo kiwanda kinaweza kupunguza maziwa, kuongeza maji na sukari, na mdomo wako usitambue. Na hilo si wizi kisheria. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinakubali kinywaji kitokanacho na maziwa yaliyochachushwa kiwe na asilimia 40 tu ya maziwa hayo. Mnunuzi mwenye haraka kwenye kituo cha matatu huona picha ya ng'ombe, akaridhika.

Sikumkaripia mama yule. Alitumia kipimo alichorithi kwa mama yake, kama mimi. Wa kulaumiwa ni anayechora ng'ombe mbele na kuficha maji nyuma. Kiasi cha maziwa kingepaswa kuandikwa mbele ya pakiti, kwa asilimia, kwa Kiswahili, na kwa herufi kubwa kama za jina la kinywaji. Hilo halihitaji mashine mpya. Linahitaji wino tu.

Wakati tukingoja wino huo, soma nyuma. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi. Maji yakitangulia, unanunua maji. Kisha tafuta mstari wa protini. Maziwa ya ng'ombe yana gramu 3 hivi kwa kila mililita 100. Pakiti ikisema gramu 1, mtoto wako anapata theluthi moja ya protini ya maziwa, hata kinywaji kiwe kizito kiasi cha kusimamisha kijiko. Mama yule tulikubaliana arudie maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, uji wa wimbi, maharagwe yaliyopondwa na yai kila anapoweza. Maembe ya Masii yakiiva, ampe yenyewe. Na pakiti isiyoonyesha protini kabisa, mwachie mwenye duka.