Masomo yasikomee darasani

Kenya ilipofunga shule Machi 2020 kwa sababu ya korona, wanafunzi wengi hawakuwa na kompyuta wala intaneti nyumbani. Hata hivyo, simu ndogo ya vitufe ilitosha kuendelea kusoma: huduma ya Shupavu 291 ya Eneza Education ilituma masomo na maswali kwa ujumbe mfupi, na mwanafunzi aliweza kumuuliza mwalimu palipomtatiza.

Mfano huo unafaa kuigwa.

Elimu ya simu ianzie kwenye kifaa alichonacho mzazi tayari, si kile ambacho familia maskini haiwezi kukinunua. Serikali na kampuni za simu zikubaliane sasa: ujumbe wa masomo usitozwe hata senti, janga liwepo lisiwepo.