Walimu wa kike wa Kemia Kanda ya Ziwa: kumbukumbu zao zinapotelea wapi?

Kupitia mradi wa SEQUIP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 500 mwaka 2020, kila mkoa wa Tanzania Bara umepangiwa shule moja ya sekondari ya wasichana ya masomo ya sayansi. Jumla ni shule 26. Mwanza imo, pamoja na jirani zetu Geita, Mara, Kagera na Simiyu.

Majengo tunayaona na kuyapongeza. Lakini wanawake waliosoma na kufundisha Kemia kabla ya majengo hayo wanastaafu, wanazeeka, na wengine wametangulia mbele ya haki. Mengi wanayoyajua hayajaandikwa popote. Leo tunaeleza kwa nini hilo linatuhusu sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria.

Kwa nini rekodi ni chache

Sababu ya kwanza ni majina. Msichana anaandikishwa shuleni kwa jina la baba yake. Akiolewa, huenda kazini akajulikana kwa jina la mume. Mtaani anaitwa Mama Neema au Mama Juma. Ukitafuta baada ya miaka 40 nani alikuwa msichana wa kwanza wa kata yenu kufaulu Kemia, unakuta majina matatu na hujui kama ni mtu mmoja.

Sababu ya pili ni uhamisho. Mwalimu anafundisha Sengerema, anahamishiwa Ukerewe, anastaafia Magu. Shule inabaki na matokeo ya mtihani, lakini namna alivyofundisha anaondoka nayo.

Sababu ya tatu ni kuona kwamba sayansi haina historia ya kutunzwa kijijini. Makumbusho ya Bujora pale Kisesa yanatunza ngoma na vifaa vya Wasukuma, na tunajivunia. Daftari la maabara la mwaka 1985 tunafungia vitumbua.

Wachache waliofika mbali wanajulikana. Profesa Verdiana Masanja, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1954 kwa jina la ukoo la Kashaga, anatambulika kuwa mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata shahada ya uzamivu ya hisabati. Aliipata Berlin, Ujerumani. Chuo kikuu kinatunza kumbukumbu za watu wake. Mwalimu wa Kidato cha Pili kisiwani hana wa kumtunzia zake.

Kinachopotea

Wapo watakaosema: shule haina kemikali za kutosha, ninyi mnazungumzia kumbukumbu? Hoja hiyo ina uzito. Ila uhaba wa kemikali haukuanza leo, na walioufundishia ndio wanaojua njia zake.

Kuna walimu waliotumia ndimu kama tindikali, magadi kama besi, na maji ya rosela kuonyesha rangi inavyobadilika. Si ubabaishaji. Dkt. Fidelice Mafumiko, ambaye baadaye alikuja kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali, alifanya utafiti wake wa uzamivu, uliokamilika mwaka 2006, kuhusu kufundisha Kemia ya Tanzania kwa majaribio madogo yanayotumia matone machache na vifaa vya bei ndogo. Mwalimu mpya asipoyajua hayo, akikuta kabati tupu ataandika ubaoni tu na jaribio halitafanyika.

Kingine ni jasho la wananchi. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na vyumba vitatu vya maabara: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Watu walichangia fedha, mawe, mchanga na nguvu zao, na akina mama walibeba maji ya ujenzi. Je, kata yenu ina orodha ya waliochangia na kiasi gani? Chumba hicho leo ni maabara, stoo au darasa? Pasipo kumbukumbu, hata kuuliza kwenye mkutano wa kijiji inakuwa vigumu.

Tusisahau pia elimu ya bibi zetu waliochuja majivu kupata maji makali ya kulainishia mboga na maharage. Hiyo ni Kemia ya besi. Na Kemia hatujaachana nayo: iko kwenye zebaki machimboni Geita, kwenye dawa ya pamba, na kwenye dawa ya kutibu maji ya kunywa. Kijiji chenye mwanamke anayeelewa mambo hayo kina mtu wa kumuuliza kabla madhara hayajatokea. Na msichana anayemjua mtu huyo kwa sura ana sababu ya kutoiacha Kemia.

Tuanzie wapi

Simu uliyoshika inatosha. Mtafute mwalimu mstaafu au mama aliyesoma sayansi. Mwamkie, mweleze nia yako na umwombe ruhusa kabla ya kurekodi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa zake, hivyo mwulize pia kama sauti yake inaweza kusikika na wengine au ibaki shuleni tu.

Muulize majina yake yote, la shuleni na la sasa. Alisoma wapi, mwaka gani, wasichana walikuwa wangapi darasani? Jaribio gani alilifanya kwanza kwa mikono yake? Kemikali zilipokosekana alifanyaje? Nani alimkatisha tamaa na nani alimtia moyo?

Ukimaliza, sema kwenye rekodi hiyo hiyo tarehe, kijiji na jina lako. Weka nakala tatu: kwako, kwa familia yake na kwa mkuu wa shule. Simu ikitumbukia ziwani, zitabaki mbili.

Shule nazo zinaweza kufungua daftari moja la majina ya walimu wa sayansi na miaka waliyofundisha, kisha kumwalika mstaafu mmoja kila muhula azungumze na wanafunzi maabara. Hilo halihitaji bajeti kutoka Dodoma. Linahitaji mtu wa kwenda kubisha hodi, na wapo wastaafu ambao mwaka ujao huenda tusiwakute.