Kalibu ya biri pekee haimtoi mkulima wa tumbaku

KWA mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Namtumbo, hakuna kinachouma kama kuliona jani lake likiondoka ghafi kwa bei ya kilo, kisha akasikia kwamba biri moja, ile sigara nene ya jani tupu inayovutwa na wenye fedha Ulaya na Marekani, huuzwa dukani kwa bei ya kilo nzima ya jani hilo, na mara nyingi kwa zaidi ya hapo.

Ndiyo maana habari za vifaa vya kusokota biri nyumbani hupata wasikilizaji haraka. Kisu, ubao, kalibu na kibanio. Ukiwa navyo, unaambiwa, kiwanda kimeshakamilika barazani kwako. Sisi tunaona habari hii isemwe yote, maana nusu yake inaweza kumla mtu mtaji.

Tuanze na vifaa vyenyewe, kwa kuwa hapo hakuna uchawi. Biri ina sehemu tatu: majani ya ndani, jani la kuyafunga, na jani la nje ambalo ndilo sura yake. Msokotaji hukaa na ubao mgumu na kisu kipana kisicho na mpini, chenye makali ya mviringo kama mwezi mchanga, ambacho Wacuba hukiita chaveta. Kwa kisu hicho hulinyoosha jani na kulikata. Akishayafunga majani ya ndani, fungu hulazwa ndani ya kalibu, yaani mbao mbili zinazofumbatana, zenye mifereji inayolingana, aghalabu 10 au 20. Kalibu hubanwa kwa skrubu nusu saa au zaidi, mafungu yakageuzwa ili yasibaki na alama ya mshono, yakabanwa tena. Hapo ndipo jani la nje huzungushiwa, na kichwa hubandikwa kwa gundi ya mimea isiyo na ladha.

Seremala mwenye keekee nzuri anaweza kuitengeneza kalibu hiyo. Hubana mbao mbili pamoja akitia kadibodi nyembamba katikati, akatoboa matundu kwenye maungio. Akizifungua, kila ubao una nusu ya tundu. Kadibodi ikitolewa, mbao hukaribiana zaidi na fungu hubanwa. Unene wa biri hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi. Biri namba 50, ambayo ni ya kawaida sana, ina unene wa karibu milimita 20. Mninga, ambao watu wa Tabora wanaujua vyema, hausinyai wala kupinda ovyo, na hilo ni jambo kubwa kwa kifaa kinachokutana kila siku na majani yenye unyevu. Kwa hiyo anayetaka kukuuzia kalibu kwa bei ya pikipiki mtazame mara mbili.

Tatizo ni jani. Tumbaku inayolimwa kwa wingi Tabora ni ya mvuke. Huiva kwa joto ndani ya bani kwa muda wa wiki moja hivi, ikatoka ya njano na yenye sukari, na hiyo ni malighafi ya sigara za kawaida. Jani la biri hutengenezwa kwa njia nyingine kabisa. Hutundikwa kwenye hewa kwa wiki kadhaa hadi likawa la kahawia, kisha hurundikwa katika marundo makubwa yanayopata joto yenyewe, yakapinduliwa na kupangwa upya kwa miezi mingi ili ukali upungue. Hakuna kalibu inayoweza kufanya kazi ya rundo hilo. Ukisokota jani la njano la Urambo, utapata kitu chenye umbo la biri, na hakuna mnunuzi wa biri atakayekirudia.

Wakulima wa Songea na Namtumbo, ambao tumbaku yao hukaushwa kwa moshi, wako karibu kidogo. Waitaliano wana biri yao maarufu, Toscano, inayotumia tumbaku ya moshi ya aina ya Kentucky. Lakini hata hiyo huchachushwa kwanza, na inayotengenezwa kwa mkono husokotwa mezani na wanawake waliojifunza kazi hiyo kwa muda mrefu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wauzaji wa vifaa hawaligusi. Kusokota biri nyumbani kwa ajili ya soko kulikwishajaribiwa, na kwa watu wengi sana. Kalibu za mbao zilipoingia Marekani kutoka Ujerumani, kuelekea mwaka 1870, mafundi wa biri walizipinga, na walikuwa na sababu. Kabla ya hapo fundi alihitaji miaka kadhaa kuujua mkono. Kalibu ikaigawa kazi: mmoja anafunga, kalibu inaumba, mwingine anavika jani la nje. Asiye fundi akaweza kuajiriwa, na malipo ya fundi yakashuka.

Huko New York wenye mali wakaenda mbali zaidi. Walinunua au kupanga majengo ya vyumba vya kukodisha, wakaweka humo familia za wahamiaji, wengi wao kutoka Bohemia. Mama, baba na watoto walisokota biri katika chumba kilekile walicholala na kupika. Tajiri alileta jani, alichukua biri, alipanga ujira na alidai kodi ya chumba. Mgomo mkubwa wa mwaka 1877 ulihusisha wafanyakazi zaidi ya 10,000, na ulishindwa. Mwaka 1884 jimbo lilitunga sheria ya kuzuia kazi hiyo katika nyumba hizo. Mwaka 1885 mahakama ya rufaa ya jimbo ikaibatilisha kwa hoja kwamba inaingilia haki ya mtu kufanya kazi kwake. Samuel Gompers, aliyekuja kuongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Marekani, alikuwa mmoja wa mafundi hao wa biri.

Msomaji aliyewahi kulima kwa mkataba atakuwa ameitambua hali hiyo. Anayekuletea pembejeo ndiye anayepanga daraja la jani na ndiye anayekata deni. Mtu akija kijijini na kalibu za mkopo na ahadi ya kununua kila biri utakayosokota, muulize jani linatoka wapi, nani ataamua ipi ni mbovu, na iliyokataliwa ni hasara ya nani. Asipojibu kwa maandishi, mrudishie kalibu yake.

Aidha kuna sheria. Nchini Marekani mtu anayesokota kwa matumizi yake mwenyewe hahesabiwi kuwa mtengenezaji, na hao ndio wateja wakubwa wa vifaa vya nyumbani. Kuuza ni habari nyingine. Hapa kwetu tumbaku ina Sheria ya Tasnia ya Tumbaku ya mwaka 2001 na ile ya kudhibiti bidhaa zake ya mwaka 2003, na bidhaa hiyo inatozwa ushuru. Jani la mkataba ukilichepusha kwenda kusokotea barazani, deni la mbolea litabaki kwenye chama na wenzako watalibeba. Wala tusijidanganye kuhusu bidhaa yenyewe: biri inaleta saratani ya kinywa, koo na mapafu, na vumbi la jani kavu halifai katika chumba wanacholala watoto.

Hatusemi mkulima abaki kuuza ghafi milele. Kama biri inawezekana Ruvuma, iwe kazi ya chama cha ushirika chenye leseni, jengo lake na fundi aliyefunzwa, baada ya rundo moja la majaribio kuonyesha jani linafaa. Bodi ya Tumbaku na Mamlaka ya Mapato waeleze kwa Kiswahili chepesi chama kinahitaji nini ili kupata leseni ya karakana ndogo na ushuru wake unahesabiwaje. Maelezo hayo yawafikie wakulima kabla ya kuandaa vitalu vya msimu ujao, maana mkulima akishasaini mkataba wa jani ghafi, mwaka wake umekwisha kupangwa.