LUBUTU ISIJENGWE KAMA KAMBI: NYUMBA BILA MZEE NI BWENI TU

Ndugu vijana wa Lubutu, wa Kindu, na ninyi muliofika Kisangani kutafuta masomo ao kazi,

Kila mara mkubwa anapotuahidi «mji wa kisasa», picha ni ile ile: vila, ukuta mrefu, mlango wa chuma, baba, mama na watoto wawili. Tunauliza: ndani ya ile picha, koko analala wapi? Na kijana wa miaka 26 mwenye diploma bila kazi, yeye analala wapi? Hawako. Mji umechorwa bila wao, na sisi tunapiga makofi.

Tena ile picha haina upya wowote. Maniema inaijua tangu ukoloni. Kalima na Punia, kampuni za madini zilijenga kambi kwa mfanyakazi, mke wake na watoto. Mwaka wa 1952 Wabelgiji wakaunda Office des Cités Africaines kwa miji mikubwa, na ramani ikafuata mawazo yale yale. Mzee hakupewa chumba sababu hakuwa na faida tena kwa kampuni. Kazi ikiisha, rudisha ufunguo, rudi kijijini. Ukoloni uliondoka 1960, lakini ramani yake ilibaki vichwani mwa wale wanaotutawala.

Katiba ya 2006 inasema nini? Kifungu cha 48: kila raia ana haki ya nyumba nzuri, maji ya kunywa na umeme. Kifungu cha 49: mzee na mtu mwenye ulemavu wana haki ya ulinzi wa pekee. Sasa tazama programu ya maendeleo ya teritwari 145. Shule zimo, vituo vya afya vimo, majengo ya utawala yamo. Vizuri. Lakini nyumba ya raia wa kawaida haimo. Mtawala amefikiriwa ofisi, wewe na koko hamukufikiriwa hata kibanda.

Na pale serikali inapokosa, soko linaingia. Mzee akifa, parseli inakatwa vipande na kuuzwa. Mjane anasukumwa nje, hata kama Sheria ya Familia ya 1987 inamupa haki ya kubaki kutumia nyumba aliyoishi na mume wake. Kijana anakwenda kupanga chumba. Sheria ya 2015 juu ya kupangisha inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi 3. Ni nani kati yetu hajaombwa zaidi? Hivi njo familia moja inakuwa watu watano katika vyumba vitano, kila mtu analipa peke yake, kila mtu anaugua peke yake.

Kuna watakaosema: «Ninyi machomeri munatafuta tu kula kwa wazee.» Tunajibu bila haya. Kijana anachota maji, anasoma karatasi ya daktari, anapanda juu ya paa kuziba tundu. Mzee naye anatoa kiwanja, na anatoa kitu ambacho kadastri haina: anajua mpaka ulipita wapi, nani alimuuzia nani, mbele ya mashahidi gani. Mzee akiwa mbali, sisi njo tunaporwa ardhi. Na mzee akiachwa peke yake, siku moja mtoto wa jirani ataugua, na watu watamunyooshea kidole: mchawi. Sote tunajua jambo lile linavyoisha.

Wengine watasema vijana wanataka uhuru. Ni kweli, na sisi tunautaka. Hatuombi kulala wanane katika chumba kimoja. Tunaomba nyumba ichorwe kwa akili. Parseli ya mita 20 kwa 30 inatosha: chumba cha mzee upande wa barabara, bila ngazi, mlango mpana, choo karibu chenye kitu cha kushikilia, vyumba vya vijana nyuma, kila kimoja na mlango wake, katikati jiko moja, na mbele barza ambapo wote wanakutana. Milango mbali mbali, kiwanja kimoja.

Nyumba ya namna ile inalinda pia pori letu. Tofali za kuchoma zinakula kuni, na kuni ni miti. Tofali za udongo zilizoshindiliwa na simenti kidogo hazihitaji moto. Paa likitoka nje sana, mvua haipigi ukuta. Na lile paa ni kisima: likiwa mita 10 kwa 10, mvua ya milimita 20 inaleta litri 2,000 za maji. Hapa kwetu mvua si shida, shida ni tanki. Familia tatu zikikaa pamoja, zinanunua tanki moja. Zikitawanyika, hakuna inayoweza.

Mukidhani haya ni mambo ya kijijini, muangalie Uholanzi. Katika mji wa Deventer, nyumba ya wazee ya Humanitas ilianza mwaka wa 2012 kupokea wanafunzi wa chuo bila kodi. Wanachodaiwa ni saa 30 kwa mwezi za kuwa majirani wazuri: kula na wazee, kuzungumza nao. Wazungu wanatafuta kwa pesa kile ambacho sisi tunabomoa bure.

Kwa hiyo tunadai:

1. Serikali ya jimbo, Kindu, itoe ramani za nyumba za vizazi vyote, bure, kwa kila raia anayetaka kujenga.
2. Kila mahali panapopimwa viwanja vipya Lubutu, sehemu ibakizwe kwa familia zinazokaa na wazee, na isiuzwe kwa wakubwa.
3. Mashine za kushindilia tofali zinunuliwe, na vijana wasio na kazi wafundishwe kuzitumia. Kazi njo hiyo.
4. Hakuna parseli kuuzwa kabla haki ya mjane haijaheshimiwa. Machefu wanaotia sahihi wajue tunawaangalia.

Na sisi vijana tuna sehemu yetu. Kabla ya kukubali parseli ya familia ikatwe, tukutane kwenye barza, wazee wakiwepo, tuhesabu pamoja. Kinachouzwa leo kwa dola chache, mutoto wako hatakinunua tena kamwe.

Lubutu si kambi. Wazee si mizigo. Vijana si wapangaji wa milele.