RUBANI APEWA HABARI YA MVUA, KIBARUA JE?

Ndugu Wafanya kazi,

Sisi tukaao Riruta Satellite, Kawangware na Kibera tu majirani wa Idara ya Hali ya Hewa. Makao yake makuu yako hapa Dagoretti Corner, na wengi wetu twapita karibu nayo alfajiri tukienda kazini kwa miguu. Hapo hurushwa puto la kupima upepo na joto la juu angani. Wanaolirusha ni wafanya kazi kama sisi, nasi hatuna ugomvi nao.

Ugomvi wetu ni huu: habari hiyo yamfaa nani? Rubani haruki kabla ya kupewa hali ya hewa mkononi. Lakini kibarua wa mjengo apandishwa jukwaani bila kuambiwa neno, na mvua ikianza saa nne arudishwa nyumbani bila mshahara. Je, roho ya kibarua ni rahisi kuliko roho ya abiria wa ndege?

Wako wasemao mafuriko ni kazi ya Mungu tu. Tusidanganywe. Mwaka 2023 Idara ilitabiri mvua kubwa kabla ya Oktoba kuingia. Mwezi huo Rais akatangaza kwamba El Niño ya kuharibu haitakuwapo. Mvua ikaja, na kabla ya mwaka kwisha watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa nchini. Mwaka 2024 mafuriko yakaua tena, Mathare na Mai Mahiu, na watu wa kando ya mito ya Nairobi wakabomolewa nyumba. Mawingu yalionekana, masikio ndiyo yaliyozibwa.

Kwa hiyo twadai mambo matatu:

1. Onyo la mvua kubwa libandikwe kwa Kiswahili katika kila steji na soko, litaje siku, saa na jambo la kufanya.

2. Kaunti izibue mitaro mara utabiri wa msimu utokapo, si baada ya kuhesabu maiti.

3. Kazi ikisimama kwa mvua iliyotabiriwa, kibarua alipwe siku yake, maana tajiri alijua mapema.

Ndugu, utabiri usiomfikia mfanya kazi ni kazi iliyoachwa nusu. Kodi inayoulipia ni yetu, na onyo ni haki yetu. Njooni mkutanoni tuyadai haya kwa sauti moja.

UMOJA NI NGUVU!