Ubeti Mmoja, Kisha Ulale

Wanafunzi wa vyuo vya ualimu huonywa kwamba mshika mbili moja humponyoka. Basi huiacha lugha hadi mkesha wa mtihani, wakazimeza ngeli kwa macho mekundu. Naipinga desturi hiyo. Ubeti wa utenzi una mishororo 4 ya mizani 8, yaani mizani 32 tu. Mzigo huo huchukulika kifuani mtu akifua nguo au akiwa kwenye foleni ya chakula. Jioni aukariri, avikague vina, kisha alale, kwa maana kilichosomwa hujikita akilini wakati wa usingizi. Aibaye usingizi wake ili asome hujinyang'anya alichosoma. Walimu wenzangu, tuwape vijana ubeti kwa siku, si orodha ya kukesha nayo.